Chini ya Ukuta wa Kusini

Trefelin, 23 Septemba 2009

Baba mpenzi,

Mama ameniambia kwenye simu kwamba huli chakula cha jioni kwa ajili yangu. Kula, Baba. Mimi mwenyewe nakula. Gethin ananisimamia kama askari jela mpaka sahani iishe.

Nakuandikia kwa sababu simu siku hizi huisikii, na kuna jambo nataka ulipate kwangu kabla Mama hajalichukua akalipunguza makali.

Leo ni wiki tatu na siku moja tangu nimzae Mabli. Kila mtu aliniambia habari za jeneza na vyeti, lakini hakuna aliyeniambia kwamba maziwa yangekuja. Mtoto hayupo, ila maziwa hayakupewa taarifa. Siku ya tatu yalijaa mpaka gauni likalowa. Muuguzi akanipa vidonge vya kuyakausha, na majani ya kabichi ya kuweka kifuani. Vidonge sikuvimeza. Nikawa nakamua kwenye bakuli na kumwaga kwenye sinki, halafu nafungua bomba lote nisione.

Jana ilikuwa ile siku usiku na mchana vinapolingana. Niliamka alfajiri, nikakamua, nikafika kwenye sinki, mkono ukakataa. Nikatoka na bakuli vile vile, na koti la Gethin juu ya nguo za kulalia, nikapanda mpaka kwenye ule mti wa matunda mekundu juu ya malisho. Nikayamwaga kwenye shina. Nikasema kwa sauti: "Majani yanaanguka. Mabli alizaliwa tarehe moja. Alikuwa na kilo mbili na nusu. Hakulia." Nikarudi nyumbani.

Basi, ni hivyo tu. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kupumua pumzi ikafika chini. Nimeamua nitafanya hivyo kila majira yanapogeuka, mara nne kwa mwaka. Nimejiwekea masharti mawili: siombi kitu, na simshukuru mtu. Nauambia mwaka habari, basi.

Najua neno utakalolitumia. Litumie, ila usilipigie mstari.

Binti yako,
Heledd

*

Bryn Eithin, 1 Oktoba 2009

Mwanangu Heledd,

Nimekula. Mama yako ni shahidi, na viazi vilikuwa vibichi.

Neno ni upagani, na sikulipigia mstari. Nimehubiri katika kanisa hili miaka arobaini na mitatu, nikawazika watu waliokuwa wakiacha maziwa dirishani kwa ajili ya majini ya mlimani, wala sikuwacheka. Lakini wale hawakujua kusoma. Wewe umesoma. Mti ule haukusikii. Yupo Mmoja anayelijua jina la Mabli, na nilitaka tumtaje mbele zake hapa, kwa ibada ya heshima. Ukaniambia mbele ya mumeo Gethin kwamba Mungu wangu alikuwa ametoka kwenda kunywa chai mtoto alipokuwa anakufa. Nimekusamehe. Sijasahau, lakini nimekusamehe.

Ushauri wangu ni mmoja. Usijipangie tarehe za kulia. Kidonda kinachofunuliwa kila msimu hakifungi. Mama yako na mimi tunajua. Watu wa rika letu walifundishwa kunyamaza, na kunyamaza si kusahau. Mengine mtu huyafunika ili wenzake wapate pa kupita.

Jumapili tulikuwa watu saba, na mbwa wa Bi Olwen wa nane. Wazee wa kanisa wameanza kunong'ona habari ya kuliuza jengo. Paa linavuja juu ya mimbari, yaani juu yangu.

Baba yako,
Idwal

*

Trefelin, 22 Desemba 2009

Baba,

Ungekuwepo jana ungefurahi, maana upagani wangu ulishindwa vibaya.

Niliazima kitabu maktaba. Kikasema niweke mishumaa minne, mmoja kila upande wa dunia, nitawanye chumvi, niziite pepo kwa majina. Nikafanya. Upepo ulizima mshumaa wa mashariki, nikiuwasha unazima wa kaskazini. Gethin amesimama na mwavuli, mvua inaingia kwenye viatu. Akaniuliza, "Sasa hizi pepo tunaziita au tunazifukuza?" Nikacheka mpaka nikakaa kwenye tope, na kicheko kikageuka, nikashindwa kukizuia. Alinibeba kunirudisha ndani.

Asubuhi hii nimerudi peke yangu bila kitabu. Nilichukua jivu la jikoni kwenye sufuria. Nikauambia mwaka: "Siku ni fupi kuliko zote. Maziwa yamekauka tangu mwezi uliopita. Gethin amekivunja kitanda cha Mabli na tumekichoma kwa siku tatu kupashia nyumba. Hili ni jivu lake." Nikalimwaga pale pale. Hilo halikushindwa.

Sasa nijibu, Baba. Uliandika, "Mama yako na mimi tunajua." Mnajua nini? Nilipomuuliza Mama alipokuja mwezi wa kumi na moja, aliinuka akaenda kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa safi.

Heledd

*

Bryn Eithin, 15 Januari 2010

Mwanangu,

Mabomba yameganda, tunayeyusha theluji kwa ajili ya chai. Mama yako hajambo, ila kikohozi. Ulichouliza hakina kina. Nilimaanisha tu kwamba mtu akishafika umri wetu amezika wengi.

Kanisa limepata mnunuzi, kijana mmoja fundi wa madirisha, atalifanya nyumba.

Idwal

*

Bryn Eithin, 9 Machi 2010

Heledd, mwanangu,

Barua hii isome ukiwa peke yako, na ukishaisoma ichome.

Jana walikuja watu wawili na utepe wa kupimia. Walipima ukuta wa makaburi upande wa kusini, ule unaotazamana na jiko letu. Mnunuzi anataka kuubomoa na kuchimba pale apate mahali pa kuweka magari. Makaburi yaliyoandikwa kwenye daftari hayataguswa, alisema, na pale hakuna kilichoandikwa. Nikamjibu kwamba ni kweli, hakuna kilichoandikwa. Nilirudi ndani, nikakaa, na mama yako akaniuliza kama nimeona mzimu.

Ulikuwa na kaka. Alizaliwa Machi 1969, miaka mitatu kabla yako, hana uhai. Mama yako walikuwa wamemlaza usingizi, hakumwona. Daktari alinishika bega kwenye korido akasema: "Mchungaji, asimwone. Atasahau upesi. Nyie bado vijana, mtapata wengine." Wengi wa namna ile waliwekwa na hospitali katika kaburi la pamoja, hata mahali hapatajwi. Nikasema, wangu hapana. Muuguzi mkuu akanipa katika kisanduku cha bandeji, amefungwa kitambaa cheupe. Nilimweka kwenye kiti cha mbele cha gari. Theluji ilikuwa bado mlimani. Nilichimba chini ya ukuta ule kwa sepetu ya makaa kabla watu hawajatoka kazini. Nilikuwa mchungaji, Heledd, na sikupata neno hata moja la kusema.

Mama yako aliniuliza mara moja tu, akiwa bado kitandani: "Wamempeleka wapi?" Nikamjibu, "Hospitali imeshughulikia. Ni mahali pazuri." Nilifikiri nitamwambia akipata nguvu. Akapata nguvu, akawa anacheka tena, nikaogopa kumrudisha kule. Hakuuliza tena. Nimeuchukua ukimya wake kuwa ni kupona.

Nina maombi mawili. Kwanza, usimwambie. Ana miaka sitini na saba na kifua kibovu. Pili, na hili naliandika kwa aibu: siku ya usiku na mchana kulingana imekaribia. Utakapokwenda kwenye mti wako, mtaje na yeye. Mimi nimeshindwa kumtaja mahali popote.

Baba yako

*

Trefelin, 21 Machi 2010

Baba,

Sikuichoma barua yako. Nimeisoma mara tano.

Jana nilikwenda. Nilitoboa shimo dogo kwa kijiti nikaweka mbegu za maharage, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kupeleka. Nikasema: "Kondoo wanazaa malisho yote. Mimi sizai. Nina kaka, na sijui jina lake." Gethin alikuwa nyuma yangu na chupa ya chai. Aliposikia akavua kofia.

Ombi la pili nimelitimiza. La kwanza nakukatalia.

Unajua mimi nilikaa na Mabli siku mbili? Walimweka kwenye kitanda chenye ubaridi cha kumhifadhi, nikamvalisha, nikamkata kucha moja iliyokuwa ndefu. Nikimfikiria nafikiria uso. Mama anafikiria nini? Umenipa siri ambayo ni mali ya Mama, halafu unaniomba nimfiche mwenyewe.

Anakuja kwangu mwezi wa sita. Mwambie kabla hajapanda basi. Mimi sitaanza kumwambia, kwa kuwa si mdomo wangu unaopaswa kusema. Lakini akiniuliza, sitamdanganya. Umesikia, Baba? Sitamdanganya.

Heledd

*

Trefelin, 22 Juni 2010

Idwal,

Jana binti yako alitoka jua linachomoza, nikamfuata na fimbo yangu. Nilitaka kuona huo uchawi unaokunyima usingizi. Nikaona mwanamke amesimama chini ya mti, anasema siku ni ndefu na maharage yameota. Akasema jina la mtoto wake. Halafu akafunga mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyetaka kuendelea.

Nikamwambia, "Malizia."

Akasema, "Nimemaliza, Mama."

"Hujamaliza. Nilikuzaa, nakujua. Malizia."

"Muulize Baba."

"Baba yako yuko mbali kwa mabasi mawili. Nakuuliza wewe."

Akaniambia. Halafu akaniletea barua yako.

Miaka arobaini na mmoja, Idwal. Ukuta ule nauona nikiwa kwenye sinki. Kila sikukuu ya mavuno nimekaa juu ya mawe yale na sahani ya keki mapajani. Nimemenya njegere pale. Nimecheka pale. Na wewe uko mlangoni unanitazama, unajua nimemkalia nani.

Unasema uliuchukua ukimya wangu kuwa ni kupona. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Machi, nilikuwa nafungua dirisha la chumba kidogo tangu asubuhi mpaka mchana, hata theluji ikiingia. Wewe unapiga kelele kutoka chini, "Nesta, unataka kuupasha moto mlima?" Nami nafunga. Sikujua aliko, basi nilikuwa namfungulia dirisha. Huyu binti yako anadhani yeye ndiye wa kwanza katika ukoo kufanya mambo yasiyo kwenye kitabu cha ibada.

Ungeniuliza hata mwaka mmoja kwa nini nafungua lile dirisha, ningekuambia.

Sirudi. Usipige simu, maana hutasikia na mimi sitasema. Dawa zako za presha ziko kwenye droo ya vijiko.

Nesta

*

Trefelin, 19 Julai 2010

Baba,

Barua zako tatu kwa Mama zimefika. Hazijafunguliwa, ziko juu ya kabati. Usije. Gethin anasema ukija atakupokea, lakini mimi nasema usije.

Haongei sana. Amelima bustani yote kwa mikono, hata palipokuwa na maua. Juzi aliniomba picha ya Mabli, akakaa nayo barazani mpaka chai ikapoa. Kikohozi kimepungua.

Uliniandikia kwamba nimekuvunjia nyumba. Kuna usiku nakubaliana nawe. Lakini kila asubuhi namwona Mama anatazama malisho kwa macho ya mtu anayetafuta mahali, na mahali hapo wewe ulikuwa napo.

Vipi kuhusu ukuta?

H.

*

Bryn Eithin, 24 Septemba 2010

Nesta,

Hii ni ya nne. Labda nayo itakwenda kabatini. Naiandika hivyo hivyo.

Ibada ya mwisho ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Agosti. Walikuja watu sitini, kwa kuwa kanisa likifa ndipo watu hulipenda. Walitegemea niwaeleze historia ya jengo. Nikashuka mimbarini nikasimama chini, nikawaambia niliyemzika, lini, na kwamba nilikuficha. Bi Olwen aliinuka. Nikadhani anatoka nje. Akasema, "Wangu walimchukua mwaka sitini na tatu, na mpaka leo sijui walikompeleka. Wewe ulijua hospitali ilivyowafanya watoto wetu, Idwal. Ulijua, na ulikuwa unakuja kwangu kunywa chai." Halafu ndipo akatoka. Hajanisalimu tangu hapo.

Mnunuzi alikuwa amekaa nyuma. Jumatatu alikuja na chokaa, akaniomba nimwonyeshe mahali. Akachora duara. Ukuta utabaki, magari yatakaa upande wa lango. Nilitaka kumshukuru, akasema, "Mchungaji, usinishukuru," akaondoka haraka.

Jana, siku ya kulingana, nilikwenda pale alfajiri. Sijui kutambika, Nesta. Nilianza na Zaburi, nikafika mstari wa pili. Nikaacha. Nikasema tu yaliyopo. "Majani yanaanguka. Nyumbani hakuna mtu ila mimi. Mama yako yuko Trefelin. Hakukuacha. Mimi ndiye niliyekuficha." Sikuwa na cha kumwaga. Nikavua glavu nikaweka kiganja kwenye nyasi, zilikuwa na umande. Nilikaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Sikupata faraja yoyote, na nadhani sikustahili kuipata.

Sikuombi urudi.

Idwal

*

Trefelin, 10 Oktoba 2010

Idwal,

Hii nimeifungua. Zile nyingine nimezitia kwenye moto wa jiko.

Nina swali moja. Mabli alikuwa na nywele nyekundu, nyembamba, zimelala upande mmoja. Ninaziona kwenye picha. Yeye alikuwa na nywele?

Nijibu hilo tu. Usiongeze Maandiko.

Nesta

*

Bryn Eithin, 14 Oktoba 2010

Nesta,

Sijui.

Sikukifunua kitambaa. Muuguzi alisema, "Ni wa kiume, mzuri," nami sikutazama. Nilijiambia ni heshima. Ilikuwa woga. Nilikuwa naye peke yangu saa nzima ndani ya gari, ningeweza kufunua, na sikufunua.

Jana niliandika barua nyingine nikasema alikuwa na nywele nyeusi kama zako. Ilikuwa barua nzuri. Niliibandika stempu. Leo asubuhi nimeichana.

Ninachokijua ni uzito wake. Mikono inaukumbuka. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea.

Idwal

*

Trefelin, 13 Desemba 2010

Idwal,

Nimekaa na jibu lako miezi miwili. Kuna siku nilitamani ungeituma ile nyingine.

Heledd ana mimba. Hataki ijulikane, hivyo usimwandikie habari hiyo. Siku fupi atakwenda kwenye mti wake na Gethin. Aliniuliza kama nitakwenda nao. Nikamwambia nina kwangu.

Jumanne ya wiki ijayo nitafika kwa basi la saa tano. Usije kituoni. Usisimame dirishani. Nitakwenda kwake kwanza, peke yangu. Nimempa jina, na atalisikia yeye kabla yako.

Nikimaliza, huenda nikagonga mlango. Nisipogonga, usinifuate.

Nesta